Uanagenzi Uliosajiliwa Marekani: Namna ya Kuingia Katika Ufundi Huku Ukilipwa

Katika miji kama Louisville, Dayton na Boise, ambako familia nyingi kutoka Kongo na nchi jirani zimefanya makao, si ajabu kumkuta mtu aliyezoea kufunga nyaya za umeme za nyumba nzima huko Bukavu au Uvira akipanga makasha ghalani usiku kucha. Ufundi wake hakuuacha njiani. Alichokikosa ni namna ya kuufanya utambulike katika nchi ambayo fundi huulizwa kwanza leseni yake na saa alizofanya kazi chini ya usimamizi. Njia ya kufika huko ipo, imewekwa kwa sheria, na humlipa mtu mshahara tangu siku ya kwanza. Inaitwa uanagenzi uliosajiliwa, na maelezo haya ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kuingia humo, awe amewahi kushika koleo la umeme au hajawahi kabisa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba uanagenzi huu ni ajira, si shule. Mwanagenzi huajiriwa, hulipwa na hukatwa kodi kama mfanyakazi mwingine yeyote, na hujifunza kazi kwa kuifanya bega kwa bega na fundi aliyekwisha kuhitimu. Kisha jioni, au siku moja katika juma, au kwa majuma kadhaa mfululizo, huingia darasani kusoma nadharia ya kazi ileile. Msingi wake ni Sheria ya Taifa ya Uanagenzi ya mwaka 1937, ambayo wengi huiita Sheria ya Fitzgerald, ijapokuwa jimbo la Wisconsin lilikwisha kutangulia kutunga sheria yake mwaka 1911. Leo usimamizi uko chini ya Ofisi ya Uanagenzi ya Wizara ya Kazi ya Marekani au, katika majimbo yapatayo nusu, chini ya wakala wa jimbo lenyewe unaotambuliwa na wizara hiyo.

Kwetu, kijana anayetaka ufundi humfuata fundi gereji au karakana, hufagia, hushika spana, hutumwa chai, na baada ya miaka kadhaa fundi humwambia kwamba sasa ameiva. Mafunzo ya namna hiyo yametoa mafundi hodari sana, lakini hayaachi maandishi: hakuna idadi ya saa, hakuna ngazi za malipo, na siku fundi akikukasirikia huna pa kushtaki. Usajili unaziba pengo hilo. Programu ikisajiliwa, maana yake ni kwamba mamlaka imekwisha kuona kwa maandishi kazi zitakazofundishwa, saa zitakazotumika, namna mshahara utakavyopanda, idadi ya wanagenzi wanaoruhusiwa kwa kila fundi, na hatua za kufuata kukitokea mgogoro. Kanuni zinataka kazi husika iwe ya kiwango kinachohitaji angalau saa 2,000 za kujifunza kazini, yaani kama mwaka mmoja wa kazi ya muda wote, na zinapendekeza saa zisizopungua 144 za darasani kwa kila mwaka wa mafunzo. Kazi nyingi za ujenzi huhitaji muda mrefu zaidi. Useremala kwa kawaida huchukua miaka 4, na umeme wa majengo miaka 4 au 5.

Anayeendesha programu huitwa mdhamini. Anaweza kuwa kampuni moja, kundi la waajiri, au kamati ya pamoja inayoundwa na waajiri na chama cha wafanyakazi, kama zilivyo kamati za mafundi umeme, mafundi bomba na maseremala katika miji mingi. Tofauti hii ina uzito kwa mwombaji, kwa sababu katika kamati ya pamoja huombi kazi kwa kampuni fulani: unaomba kwa kamati, nayo ndiyo inayokupeleka kwa mwajiri huyu leo na kwa yule mwakani, ili uone kazi za aina mbalimbali. Programu ya kampuni moja huwa ya haraka zaidi kuingia, lakini ujuzi utakaopata utategemea kazi ambazo kampuni hiyo inazo.

Masharti ya kuingia, na kikwazo cha aljebra

Umri wa chini unaoruhusiwa na kanuni za shirikisho ni miaka 16, lakini programu nyingi za kazi zenye hatari, ujenzi ukiwamo, hutaka miaka 18. Ni lazima uwe na ruhusa ya kufanya kazi Marekani. Mwajiri atakujazisha fomu ya I-9, na hapo ujue haki yako: wewe ndiye unayechagua ni hati zipi utakazoonyesha kutoka katika orodha iliyo kwenye fomu hiyo, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha ulete hati fulani tu ilhali umeleta nyingine zinazokubalika. Mara nyingi utatakiwa pia kupimwa kama unatumia dawa za kulevya, na katika kazi za ujenzi leseni ya udereva na usafiri wa kuaminika ni karibu sawa na sharti, kwani kazi huanza alfajiri, na eneo la ujenzi linaweza kuwa mahali ambapo basi la mji halifiki.

Programu nyingi hutaka cheti cha kumaliza sekondari. Mwenye Diplôme d'État ya Kongo, KCSE ya Kenya au cheti cha Kidato cha Nne cha Tanzania asidhani kwamba karatasi hiyo haina thamani huku. Apeleke nakala yake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ikihitajika, kwa moja ya taasisi zinazotathmini vyeti vya nje, lakini kabla ya kulipa ada amuulize mdhamini ni tathmini ya nani anayoikubali. Aliyepoteza vyeti vyake katika vita au kambini, na hao ni wengi miongoni mwetu, anaweza kufanya mtihani wa GED, ambao cheti chake huhesabiwa sawa na cha kumaliza sekondari. Mtihani huo una masomo manne, ambayo ni hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na alama ya kufaulu ni 145 katika kila somo. Madarasa ya kuuandaa hutolewa katika vituo vya elimu ya watu wazima, mara nyingi bila malipo. Haufanywi kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa, kwa hiyo mtu ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga ahesabu muda wa lugha kuwa sehemu ya safari yenyewe.

Nisisitize habari ya hisabati, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona watu wenye mikono mizuri wakigeuzwa mlangoni. Programu za pamoja za mafundi umeme wa majengo hutaka uthibitisho kwamba umefaulu somo la aljebra la mwaka mmoja wa sekondari kwa angalau daraja la C, au kozi inayolingana nayo, kisha humpa mwombaji mtihani wenye sehemu mbili, moja ya aljebra na nyingine ya kusoma na kuelewa. Matokeo hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 9, na mwombaji anahitaji angalau 4 ili aitwe kwenye usaili. Maswali yenyewe ni ya milinganyo, mfululizo wa namba, sehemu na grafu, mambo ambayo aliyesoma hadi kidato cha tatu aliwahi kuyaona; tatizo ni kwamba aliyaona miaka kumi na tano iliyopita, kwa lugha nyingine, na huku atayafanya kwa saa inayokimbia. Miezi mitatu ya mazoezi ya kila siku kabla ya kuomba ina faida kuliko kuomba kwa haraka na kushindwa, kwa sababu anayeshindwa huenda akalazimika kusubiri kwa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudia.

Kwa ambaye hayuko tayari kwa mambo hayo yote, kuna programu za maandalizi ya uanagenzi. Job Corps na YouthBuild huwapokea vijana, na mabaraza ya vyama vya mafundi wa ujenzi katika miji mingi huendesha kozi fupi inayogusa fani kadhaa kwa pamoja, usalama kazini na hisabati ya ujenzi. Kozi hizo hazikupi hadhi ya mwanagenzi, lakini baadhi zina makubaliano na wadhamini ya kuwasaili wahitimu wao kwanza. Uliza swali hilo wazi kabla ya kujiandikisha.

Kutafuta na kuomba

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya serikali ya Apprenticeship.gov, yenye sehemu ya kutafuta nafasi kwa jina la kazi na mji. Pa pili ni kituo cha ajira cha serikali kilicho karibu nawe. Vituo hivyo hutoa huduma bila malipo, na kwa wanaostahili vinaweza kugharamia viatu vya kazi, vifaa vya kuanzia au nauli. Pa tatu, ambapo wengi hupasahau, ni ofisi yenyewe ya kamati ya mafunzo katika mji wako: kwenda mwenyewe, kuuliza dirisha la maombi litafunguliwa lini, na kuandika tarehe hiyo. Baadhi ya programu hupokea maombi mwaka mzima, nyingine kwa majuma mawili tu katika mwaka, na anayefika siku moja baada ya kufungwa amepoteza mwaka.

Usifungwe na dhana kwamba uanagenzi ni wa ujenzi peke yake. Ziko programu zilizosajiliwa za wasaidizi wa tiba, wasaidizi wa maduka ya dawa, walezi wa watoto wadogo, mafundi wa mitambo viwandani, madereva wa malori na watu wa teknolojia ya habari. Wala ujenzi si wa wanaume peke yao. Kanuni zinakataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia, nchi ya asili na ulemavu katika kuwachagua na kuwafundisha wanagenzi, na dada aliyewahi kusimamia ujenzi wa nyumba ya familia yake huko nyumbani ana jambo la kueleza kwenye usaili.

Usaili huo huendeshwa na watu wa fani yenyewe, na kwa kawaida hawatafuti Kiingereza cha kupendeza. Wanataka kujua kama utafika kwa wakati kwa miaka mitano, kama unaweza kupanda ngazi au kuingia mtaroni, na kama umewahi kumaliza jambo gumu. Elezea kazi ulizofanya kwa mifano: aina ya nyumba, zana ulizotumia, tatizo lililotokea na jinsi ulivyolitatua. Desturi yetu ya kujinyenyekeza mbele ya wakubwa na kusema "nilikuwa nasaidia tu" hukudhuru hapa. Kama ulifunga nyaya wewe, sema ulizifunga wewe. Ukiwa na cheti cha ufundi cha VETA ya Tanzania, cha NITA ya Kenya au barua ya mwajiri wako wa zamani, kiweke mezani.

Wanaofaulu huwekwa kwenye orodha kwa mpangilio wa alama, na huitwa kadiri nafasi zinavyopatikana. Kusubiri kunaweza kuwa kwa juma moja au kwa miezi mingi. Ukihama nyumba au ukibadili namba ya simu katika kipindi hicho, ijulishe ofisi siku hiyohiyo. Na mtu yeyote, awe wa kanisani au wa ukoo wako, akikutaka umpe mamia ya dola ili "akuwekee nafasi" kwenye orodha hiyo, usimpe. Mdhamini anaweza kutoza ada ndogo ya maombi, lakini nafasi kwenye orodha haiuzwi.

Mkataba: usome kabla ya kutia saini

Hapa ndipo moyo wa jambo zima ulipo. Kila mwanagenzi lazima awe na mkataba wa maandishi uliotiwa saini na yeye mwenyewe pamoja na mdhamini, na mkataba huo lazima usajiliwe kwa jina lake katika mamlaka husika. Programu kusajiliwa hakutoshi. Wewe binafsi lazima uwe umesajiliwa ndani yake. Kampuni inaweza kuwa na programu halali, ikakuajiri, ikakuita mwanagenzi kila siku, na jina lako lisipelekwe popote. Ukifanya kazi miaka miwili katika hali hiyo, utakuwa umefanya kazi ya usaidizi, na huenda saa hizo zisihesabiwe katika uanagenzi wako. Kwa hiyo, baada ya kutia saini, omba nakala ya mkataba, kisha baada ya majuma machache piga simu kwa Ofisi ya Uanagenzi au wakala wa jimbo lako uulize kama jina lako limeandikwa na kwa tarehe ipi.

Ndani ya mkataba utafute mambo haya: jina la kazi unayojifunza, muda wake kwa saa au kwa umahiri (yaani kwa kupimwa ujuzi badala ya kuhesabu saa), mchanganuo wa aina za kazi utakazofundishwa, saa za darasani na kama zinalipwa au hazilipwi, ngazi za mshahara, muda wa majaribio, na jina la ofisi inayopokea malalamiko. Muda wa majaribio hauwezi kuzidi robo ya programu wala mwaka mmoja, kutegemea ni upi mfupi, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Ukishapita, wewe bado unaweza kuomba kutoka, lakini mdhamini hawezi kukuondoa bila sababu ya msingi, taarifa, na nafasi ya kujirekebisha.

Mshahara wa kuanzia hauruhusiwi kuwa chini ya kima cha chini cha kisheria, na ni lazima upande kadiri ujuzi wako unavyokua. Mara nyingi huandikwa kama asilimia ya mshahara wa fundi kamili. Tuseme fundi kamili wa mji wako hulipwa dola 40 kwa saa na mkataba wako unaanzia asilimia 50: utaanza na dola 20, na kama kila saa 1,000 zinakuongezea asilimia 5 ya mshahara wa fundi kamili, ngazi inayofuata ni dola 22. Fanya hesabu hiyo mwenyewe na uilinganishe na hati ya malipo kila unapovuka ngazi. Katika ujenzi unaolipwa na serikali ya shirikisho, usajili una nguvu nyingine tena: chini ya Sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mwanagenzi chini ya kiwango kamili cha fundi ikiwa tu mwanagenzi huyo amesajiliwa kwa jina lake, asiyesajiliwa anastahili mshahara kamili wa kazi anayoifanya.

Kabla ya saini, uliza pia kuhusu uzoefu wa awali. Kanuni zinaitaka programu iwe na utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu amekuja nao, na akipewa saa za ujuzi huo, apandishwe mshahara hadi ngazi inayolingana nazo. Aliyefanya useremala miaka minane Mwanza au Mombasa anaweza kuomba apimwe kwa vitendo. Si kila mdhamini atakubali, na anayekubali huenda akatoa sehemu tu ya saa unazozitarajia, lakini anayenyamaza huanza sifuri.

Saa zako, daftari lako

Mwanagenzi hutakiwa kuandika saa zake kwa mafungu ya kazi. Katika umeme, kwa mfano, kuna fungu la kupitisha mabomba ya nyaya, la kuvuta nyaya, la kufunga masanduku ya kugawia umeme, la mitambo ya udhibiti, na mengine. Hili linamlinda mwanagenzi kuliko wengi wanavyofikiri. Mwajiri mwenye haraka hupenda kumwacha mtu pale alipokwisha kuwa hodari. Akikuona unachimba mitaro vizuri, utachimba mitaro mwaka mzima, na fungu moja litafurika huku mengine yakiwa matupu. Daftari likionyesha hivyo, una la kumwonyesha msimamizi wa mafunzo kwa adabu na bila ugomvi, na yeye ana wajibu wa kukuhamishia kazi nyingine.

Usiiachie kampuni peke yake kazi ya kuandika. Kuwa na daftari lako nyumbani au picha za fomu katika simu, kila juma, zikiwa na saini ya fundi uliyekuwa naye. Kampuni hufilisika, wasimamizi huhama, na mifumo ya kompyuta hubadilishwa, na mwenye rekodi zake mwenyewe ndiye anayeweza kudai saa zake. Vivyo hivyo kwa saa za darasani: kukosa masomo mara kadhaa ni sababu ya kawaida ya mwanagenzi kusimamishwa hata kama kazini anasifiwa. Mwenye zamu ya pili ghalani aelewe mapema kwamba itakuwa vigumu kuvifanya vyote viwili.

Katika majimbo ya baridi kali, baadhi ya kazi za ujenzi hupungua wakati wa theluji, na mwanagenzi anaweza kukaa majuma kadhaa bila kazi. Saa hazihesabiki wakati huo, ndiyo maana programu ya miaka minne humchukua mtu mmoja minne na mwingine mitano. Jambo la busara ni kuweka akiba kuanzia majira ya joto na kuijulisha kamati kwamba uko tayari kupelekwa kwa mwajiri mwingine. Ukihamia jimbo jingine kabisa, uhamisho kutoka programu moja hadi nyingine ya kazi ileile unawezekana pande zote zikikubali, na saa ulizonazo huhamishwa pamoja nawe. Ila uombe uhamisho kabla ya kufunga mizigo.

Ukikamilisha, mamlaka ya usajili hutoa cheti cha kuhitimu, kinachotambulika nchi nzima. Cheti hicho si leseni. Kwa kazi kama umeme na ubomba, majimbo mengi yana mtihani wao, na ndipo saa zako zilizoandikwa zinapohitajika tena: Texas, kwa mfano, humtaka anayeomba leseni ya fundi umeme kamili awe na saa 8,000 chini ya fundi mkuu mwenye leseni. Soma masharti ya bodi ya jimbo lako tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu baadhi ya majimbo hutaka mwanagenzi mwenyewe awe na leseni au kibali cha uanagenzi tangu anapoanza.

Na liko jambo moja dogo ambalo kwa watu wetu huwa kubwa. Kambini au uwanja wa ndege, majina hugeuzwa: la ukoo huwekwa mbele, la baba huachwa, herufi hubadilika, tarehe ya kuzaliwa huwa 1 Januari. Hakikisha jina lililo kwenye mkataba wako, kwenye kadi ya Social Security, kwenye cheti cha shule na kwenye rekodi za saa ni moja, herufi kwa herufi, na kama sivyo, anza kulirekebisha mwaka wa kwanza wa mafunzo.